Tovuti Ipimwe kwa Kazi Yake, Si kwa Wingi wa Wageni

Katika vitongoji vya Dar es Salaam imeenea rai kwamba taasisi isiyo na tovuti ni sawa na taasisi isiyokuwapo. Shule hutengenezewa tovuti, zahanati hutengenezewa, chama cha kuweka na kukopa hutengenezewa, na hata fundi seremala wa kando ya Barabara ya Pugu hushauriwa asibaki nyuma. Rai hiyo ina ukweli ndani yake, nasi hatuna nia ya kuipinga. Tunalotaka kulijadili ni lile linalofuata baada ya tovuti kuwa tayari, yaani namna tunavyoipima, namna tunavyoitangaza, na vyombo tunavyovichagua ili kuiendesha. Hapo ndipo fedha nyingi hupotelea, na aghalabu ni fedha za michango, zilizotolewa kidogo kidogo na watu wenye kipato haba.

Desturi iliyozoeleka ni hii. Mwisho wa mwezi kijana aliyekabidhiwa kazi ya tovuti huleta mbele ya kamati karatasi yenye michoro. Humo imeandikwa kwamba kurasa zimetazamwa mara elfu kadhaa, na kwamba mstari umepanda ukilinganishwa na mwezi uliopita. Kamati hufurahi, mwenyekiti hushukuru, na fedha za mwezi unaofuata huidhinishwa. Ni nadra mjumbe kunyanyua mkono na kuuliza: Katika elfu hizo, ni wazazi wangapi waliokuja kuandikisha watoto? Ni wagonjwa wangapi waliojua saa za kliniki wakafika kwa wakati? Maoni yetu ni kwamba tovuti ya taasisi ya mtaani ipimwe kwa kazi iliyowatendea watu wa mtaa huo, na kwamba chombo chochote cha kuiendesha au kuihesabia kichaguliwe baada ya kazi hiyo kutajwa, wala si kabla.

Ni nini hasa kinachohesabiwa?

Yafaa kwanza tufahamu hesabu hizi zinatoka wapi. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, huandika katika kumbukumbu zake kila faili inayoombwa. Ukurasa mmoja wenye picha kumi una faili zisizopungua kumi na moja. Hivyo mtu mmoja akiufungua mara moja tu, kumbukumbu huonesha maombi kumi na moja. Zamani wenye tovuti wengi walijivunia hesabu ya maombi hayo, na aliyetaka kuonekana mkubwa aliongeza picha. Programu kama Analog, iliyotoka mwaka 1995, na baadaye Webalizer na AWStats, zilisaidia kuzisoma kumbukumbu hizo kwa utaratibu, zikitenganisha maombi ya faili na kurasa, na kurasa na wageni.

Kisha ikaenea njia ya pili. Kipande kidogo cha programu hutiwa ndani ya kila ukurasa. Nacho huweka alama katika simu au kompyuta ya msomaji na kupeleka habari zake kwa mwenye chombo. Google iliinunua kampuni ya Urchin mwaka 2005, na mwezi Novemba mwaka huohuo ikatoa chombo cha Google Analytics bila malipo. Tangu hapo takwimu ambazo awali zilikuwa za makampuni yenye uwezo zikawa mikononi mwa kila mwenye tovuti.

Hata hivyo, njia hii nayo ina mipaka. Alama huwekwa kwenye kifaa, haiwekwi kwa mtu. Kompyuta moja ya intaneti kafe iliyotumiwa na watu ishirini yaweza kuhesabiwa kuwa mgeni mmoja. Na mtu mmoja mwenye simu mbili na kompyuta ya kazini akahesabiwa kuwa wageni watatu. Zaidi ya hayo, mtandaoni zimo programu nyingi zinazozunguka zenyewe zikisoma kurasa, nyingine kwa ajili ya mitambo ya kutafutia, nyingine kwa nia mbaya. Vyombo vya takwimu hujitahidi kuzichuja, lakini havizimalizi. Kwa hiyo anayeiambia kamati kwamba tovuti imepata wageni 3,000 anatoa makadirio, na yampasa aseme wazi kwamba ni makadirio.

Kasoro inayotugusa sisi wa pembezoni

Ipo kasoro nyingine inayowagusa watu wa Gongo la Mboto kuliko wenye ofisi katikati ya jiji. Chombo cha takwimu hukisia mahali alipo msomaji kwa kutazama anwani ya mtandao aliyopewa na kampuni ya simu. Anwani hiyo haimjui mjumbe wala haiujui mtaa. Aliyeko Gongo la Mboto, aliyeko Tegeta na aliyeko Mbagala, wote huandikwa Dar es Salaam. Zahanati inayowahudumia watu wa Majohe na Ulongoni haiwezi kujua kwa karatasi ile kama hata mmoja wa wasomaji wake anaishi Majohe au Ulongoni.

Tatizo hili hujitokeza pia katika kutafutwa. Jina la mahali petu huandikwa kwa namna nyingi: wengine huandika Gongo la Mboto, wengine Gongolamboto kwa neno moja, na daladala hulifupisha kuwa G/Mboto. Msomaji akitafuta jambo huandika kama alivyozoea, si kama tulivyoandika sisi. Jirani yetu wa Ukonga Mombasa ana shida kubwa zaidi: mzazi akiandika “shule ya awali Mombasa”, mtambo wa kutafutia una kila sababu ya kumpeleka Kenya. Vivyo hivyo, tawi la Kampala International University lipo hapa Gongo la Mboto, lakini anayeandika “chuo cha Kampala” hatashangaa akijikuta anasoma habari za Uganda.

Dawa ya haya haihitaji tangazo la kulipia. Ni ukurasa unaotaja kwa maneno wazi kwamba taasisi ipo Gongo la Mboto, wilaya ya Ilala, Dar es Salaam. Kituo cha daladala cha kushukia. Upande wa barabara. Jengo linalofahamika lililo karibu. Saa za kazi. Na namba ya simu inayopokelewa. Aidha, maneno yawe yale ambayo watu huyatumia wanapotafuta. Mzazi hutafuta “ada” na “basi la wanafunzi”. Hatafuti “dira na dhamira”. Lakini tovuti nyingi za shule zetu hufungua kwa dira na dhamira, kisha picha ya mkurugenzi, na ada haionekani popote. Anayeirekebisha kasoro hiyo amefanya nusu ya kazi ya kuitangaza tovuti, wala hakutoa senti.

Kipimo cha Februari 2011

Anayedhani kwamba wingi ndio kila kitu na akumbuke usiku wa tarehe 16 Februari 2011. Mabomu yaliyohifadhiwa katika kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto yalilipuka; watu wasiopungua 20 walipoteza maisha, na maelfu walikimbia makwao gizani. Watoto walipotezana na wazazi wao, na wengi walihifadhiwa katika Uwanja wa Uhuru. Chini ya miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 29 Aprili 2009, msiba wa namna hiyo ulikuwa umeipata Mbagala.

Katika saa kama hizo mzazi huhitaji kujua jambo moja: watoto waliookolewa wamepelekwa wapi, na nani apigiwe simu. Fikiria ukurasa wa mistari mitano, usio na picha, unaofunguka katika simu ndogo wakati mtandao umelemewa. Ukurasa huo ukimsaidia mzazi mmoja akampata mwanawe, thamani yake haielezeki kwa michoro. Lakini karatasi ya takwimu ingeandika: mgeni mmoja, ukurasa mmoja, sekunde ishirini. Na kwa desturi ya vyombo hivi, msomaji aliyefungua ukurasa mmoja akaondoka upesi huhesabiwa upande wa hasara, kana kwamba hakupendezwa. Kumbe aliondoka upesi kwa kuwa alikipata alichokitaka.

Hatusemi kwamba kila siku ni siku ya msiba. Tunasema kwamba kipimo kinachoshindwa siku nzito hakifai kutawala siku nyepesi. Basi kila taasisi na itaje kazi mbili au tatu za tovuti yake, kisha ihesabu hizo. Kwa shule, ni wazazi waliopiga simu na walioandikisha. Kwa zahanati, ni wagonjwa waliofika siku sahihi ya kliniki. Kwa fundi, ni oda.

Namna ya kuzihesabu si ngumu. Namba ya simu ya pekee iandikwe kwenye tovuti tu, isiandikwe penginepo. Kila anayeipiga ametoka kwenye tovuti. Karani wa mapokezi awe na daftari, na kila mgeni aulizwe: “Umetufahamu kwa njia gani?” Tena, kiungo kinachotumwa katika kundi la WhatsApp kiongezewe alama mwishoni iliyo tofauti na ya kiungo kilichowekwa kwenye tangazo, ili ijulikane kipi kimeleta watu. Wanaotumia chombo cha Google huziona alama hizo zikianza kwa herufi “utm”. Herufi ya kwanza ni kumbukumbu ya Urchin, kampuni tuliyoitaja hapo juu.

Tuchukue mfano wa kukisia. Shule imetoa shilingi 200,000 kwa matangazo ya mtandaoni, ikapata wageni 4,000, na kati yao wazazi wanne wakaandikisha watoto. Ukigawa kwa wageni, kila mmoja amegharimu shilingi 50, nayo yaonekana rahisi mno. Ukigawa kwa wanafunzi, kila mmoja amegharimu shilingi 50,000. Hapo ndipo kamati iweze kuuliza kama kibao kizuri pale kituoni kisingeleta zaidi. Huenda tangazo likashinda, huenda kibao kikashinda. Lakini sasa kamati inalinganisha mambo yanayolingana.

Hati ya jina iko kwa nani?

Wakazi wa pembezoni mwa jiji wanajua vyema uchungu wa kujenga katika kiwanja kisicho na hati. Ni ajabu kwamba watu hawahawa, wanaposhika mambo ya tovuti, husahau kabisa suala la hati. Jina la tovuti hukodishwa kwa mwaka, nalo huandikwa kwa jina la mtu au taasisi. Mara nyingi kijana aliyeitengeneza tovuti ndiye aliyejiandikisha yeye mwenyewe, kwa barua pepe yake na nywila yake. Akihama, au akikosana na kamati, jina huenda naye. Asipolilipia, jina huachwa wazi na yeyote aweza kulichukua. Na waliozoea kulifungua hukuta humo mambo ambayo taasisi isingependa kuhusishwa nayo.

Kwa Tanzania majina yanayoishia kwa .tz yamewekewa utaratibu wake; tzNIC ilianzishwa mwaka 2006 ili kuyasimamia. Jina na liandikwe kwa taasisi, kwa barua pepe ya ofisi, na risiti ya malipo ihifadhiwe pamoja na hati nyingine. Nywila ziandikwe katika bahasha iliyofungwa na kuwekwa kwa katibu. Mambo haya ni madogo, lakini anayeyapuuza hujuta.

Vivyo hivyo kwa wanaosema kwamba ukurasa wa bure katika mtandao wa kijamii unatosha. Mtandao huo ni mahali pazuri pa kuwaita watu, lakini ni kiwanja cha mwingine. GeoCities ilikuwa na mamilioni ya kurasa zilizotengenezwa bure na watu wa kawaida. Yahoo iliifunga mwezi Oktoba 2009, na wasiokuwa na nakala wakapoteza kazi yao. Hata takwimu zenyewe hazikusalimika: Google iliacha kupokea takwimu katika toleo la zamani la Analytics tarehe 1 Julai 2023, na mwaka uliofuata ikaanza kuifuta hazina ya takwimu zilizokusanywa humo. Aliyekuwa na miaka kumi ya kumbukumbu bila nakala alibaki mikono mitupu. Somo ni kwamba kila chombo kiulizwe mapema: Nikitaka kuondoka, nitaondoka na nini?

Chombo kipi kinafaa?

Taasisi yenye kurasa tano zisizobadilika haihitaji mtambo mkubwa. Kurasa za kawaida zilizoandikwa kwa HTML hufunguka upesi, hazina mengi ya kuvunjika, na huhifadhiwa kwa gharama ndogo. Inayochapisha habari kila wiki itahitaji programu ya kusimamia maandishi. WordPress, iliyotoka tarehe 27 Mei 2003, ni programu huria, hutolewa bila malipo, na zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani huitumia. Kwa hiyo mafundi wake hawakosekani. Lakini sharti mtu apewe jukumu la kuihuisha kila mara, pamoja na viongezi vyake, kwani isiyohuishwa huwa mlango wazi kwa wavamizi. Kamati isiyo na mtu wa kazi hiyo ni heri ibaki na kurasa za kawaida.

Jambo la pili ni uzito. Msomaji wetu hununua bando kwa fedha yake. Ukurasa wenye megabaiti 3 ukifunguliwa na watu mia, wamelipia megabaiti 300 kwa pamoja, mara nyingi kwa ajili ya picha kubwa isiyomwambia mtu lolote. Anayeutengeneza aufungue kwanza kwa simu ya bei nafuu, akiwa ndani ya daladala, na si kwa kompyuta ya ofisini.

Jambo la tatu ni mahali seva ilipo. Tovuti iliyohifadhiwa ng’ambo hulazimika kuvuka bahari hata kama msomaji na mwenye tovuti wanaishi mtaa mmoja. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, Watanzania wengi walionja maana ya utegemezi huo. Seva ya ndani ya nchi haiondoi kila tatizo, wala si kila kampuni ya ndani ni imara. Lakini swali hilo nalo liulizwe kabla ya kulipa.

Habari za msomaji ni amana

Sasa tufike penye uzito zaidi. Chombo cha takwimu cha bure kinalipwa na nani? Aghalabu hulipwa kwa habari za wasomaji, au kwa matangazo yanayojengwa juu ya habari hizo. Kwa fundi seremala jambo hili laweza kuonekana dogo. Kwa zahanati si dogo hata kidogo. Anayesoma ukurasa wa kipimo cha virusi vya UKIMWI au wa kifua kikuu hakuja hadharani. Amekuja faraghani, akiamini kwamba hakuna anayemwona. Tukiweka katika ukurasa huo kipande cha programu cha kampuni ya matangazo, tumemwalika mtu wa tatu katika chumba cha daktari.

Hili si jambo la kubuni. Mwezi Februari 2023 huko Marekani, kampuni ya GoodRx, inayohusika na bei za dawa, ilikubali kulipa dola milioni 1.5 baada ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo kuishitaki kwamba ilipeleka habari za afya za watumiaji wake kwa Facebook, Google na wengineo. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa rasmi mwezi Aprili 2024. Taasisi ndogo isidhani kwamba sheria hiyo ni ya mabenki tu.

Tena kilichokusanywa chaweza kudaiwa. Mwezi Desemba 2016 mwanzilishi wa JamiiForums, Maxence Melo, alikamatwa, kisha akashitakiwa kwa kutowapa polisi taarifa za watumiaji. Mwezi Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtoza faini ya shilingi milioni 3 katika mojawapo ya kesi hizo. Kila mtu ana maoni yake juu ya kesi ile. Kwa mwenye tovuti ndogo funzo liko wazi: taarifa ambayo hukuihitaji, na kwa hiyo hukuikusanya, haiwezi kudaiwa kwako wala kuibwa kwako.

Zipo njia za kuhesabu bila kuvunja amana. Kumbukumbu za seva zinazosomwa na AWStats humwachia mwenye tovuti taarifa zake mwenyewe. Matomo, iliyoanza mwaka 2007 kwa jina la Piwik, ni programu huria inayoweza kuwekwa katika seva yako, na inaweza kurekebishwa isiweke alama katika kifaa cha msomaji.

Wapo watakaosema kwamba vyombo vya Google ni bora zaidi, ni vya bure, na dunia nzima huvitumia. Ni kweli kwamba vina uwezo mkubwa. Mwenye duka la mtandaoni linalouza nchi nzima ana sababu ya kuvichagua, mradi awaarifu wateja wake. Lakini uwezo usiotumika ni mzigo. Kamati inayotazama mstari mmoja tu wa karatasi, nao ni mstari wa wageni, haikuhitaji chombo cha kuchambua mamia ya mambo.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mjumbe wa kamati yoyote yenye tovuti, katika kikao kijacho uliza maswali haya manne. Tovuti yetu ina kazi gani, na mwezi huu imeifanya mara ngapi? Jina lake limeandikwa kwa nani? Tukiachana na chombo hiki kesho, tutaondoka na nini? Na habari za wanaotutembelea zinakwenda wapi? Kijana wa tovuti akiyajibu vizuri, mwongezeeni posho, kwa kuwa anaijua kazi yake. Asipoyajibu, msimlaumu yeye kwanza, kwani ni ninyi mliompigia makofi kwa sababu ya mstari uliopanda.